Muziki Tunaousikiliza kwa Kificho

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze kwa muda mfupi kabla hatujaingia katika ajenda ya chumba cha muziki. Kama mjuavyo, chama chetu kimechangisha fedha za kununulia vyombo, na orodha iliyo mezani ina tarumbeta, magitaa, piano moja na ngoma za bendi. Ni orodha nzuri, na waliokaa kuiandika wanastahili shukrani. Lakini vipo vyombo ambavyo havimo, na nadhani havimo kwa sababu tunavionea haya. Haya hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze kabla hatujapiga kura.

Swali langu ni jepesi. Kwa nini mtu aone aibu kwa wimbo unaompendeza? Ukipenda dagaa hujifichi kula dagaa. Lakini wapo watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ambao wakiulizwa wanapenda muziki gani hutaja kwanza ule unaofaa kutajwa. Ule wanaoupenda hasa hubaki moyoni.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nimekulia katika nyumba ya vyumba sita, jirani na Mtaa wa Msimbazi, mahali ambapo mtu hana haja ya kununua redio kwa kuwa ya jirani inamtosha. Upande huu taarab, upande ule dansi, na siku za sherehe ya mwali mdundiko unapita na watoto wanaufuata hadi wanapotea njia. Hatukuulizana ni upi wenye heshima. Habari za muziki wa heshima na muziki wa aibu nilianza kuzisikia nilipovaa sare ya shule, na nikazisikia zaidi nilipoajiriwa.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, tulikwenda matembezi Bagamoyo. Wakati wa kwenda, kamati ilichagua nyimbo za Kizungu za taratibu, na basi zima likasinzia. Wakati wa kurudi, dereva aliweka mchiriku wake. Kabla hatujafika Bunju bosi mmoja wa hesabu alikuwa amesimama katikati ya viti, tai ameifunga kiunoni. Tulipofika mjini alimwendea dereva akamwomba kwa sauti ya chini asiyaseme mambo yale. Asiyaseme kwa nani, na basi zima limeona? Nadhani aliiogopa Jumatatu.

Basi, aibu hii inatoka wapi? Haitoki katika sauti yenyewe. Tazameni beni. Mwanzoni mwa karne iliyopita miji yetu ya pwani ilikuwa na ngoma hiyo, iliyoiga gwaride na bendi za Kizungu. Hapa Dar es Salaam vilikuwapo vikundi viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa juu, wastaarabu wa mji. Arinoti walijulikana zaidi kwa vibarua na watu waliotoka bara. Ngoma ilikuwa ya namna moja, ila heshima ilipimwa kwa kutazama nani anacheza. Hiyo ndiyo mizani ya kwanza ya aibu: tunasema tunahukumu muziki, kumbe tunahukumu watu wake.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu maskini, na kabla ya kujulikana alikuwa akiuza vyungu. Taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa kawaida. Wapo waliomdharau kwa asili yake na kwa sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, akatiwa sauti yake katika sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani nzima. Baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na vizazi vya wanafunzi wakausoma. Aliyechekwa akawa somo la darasani.

Mizani ya pili ni wakati. Wazee wenzangu mliokaa mbele hapa mnajivunia dansi. Mkisikia jina la NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, mnanyoosha migongo. Mnawaambia vijana kwamba ule ndio ulikuwa muziki wenye mafunzo. Ni kweli, ulikuwa na mafunzo. Lakini tusisahau wazazi wetu waliuitaje. Mpiga gitaa alikuwa mhuni na mlevi, na aliyekwenda kuposa alitakiwa ataje kazi nyingine. Kijana aliyetaka kwenda DDC Kariakoo Jumapili alitoka nyumbani kwa kusema anakwenda kwa shangazi.

Tena lipo jambo la mwaka 1969. Mwaka ule uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul. Nia ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, na nia hiyo siilaumu. Lakini walioupenda muziki ule hawakuacha kuupenda kwa tangazo la gazeti. Leo nyimbo hizo hizo zinapigwa katika karamu za wastaafu, na hakuna anayeita polisi.

Kisha ikaja bongo fleva. Katika miaka ya 1990 neno lililotumika sana juu yake lilikuwa lile lile la zamani, uhuni. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa jina la Mr. II au Sugu, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akachaguliwa Mikumi. Mwaka 2023 Hamis Mwinjuma, Mwana FA, akateuliwa Naibu Waziri katika wizara ya utamaduni, sanaa na michezo. Sisemi kwamba ubunge ndio kipimo cha wimbo mzuri. Nasema tu kwamba neno uhuni limetembea sana mjini hapa, na kila kizazi huliokota na kulivisha kizazi kinachofuata.

Mizani ya tatu ni jinsia. Mvulana akipenda taarab huambiwa hiyo ni ya akina mama. Lakini ingieni katika historia ya vyama vya taarab vya mji huu, Egyptian na Al-Watan, mtawakuta wanaume na fidla zao na nudi zao. Jambo likishaitwa la wanawake, mwanamume hulionea haya hata kama babu yake ndiye aliyelianzisha.

Sasa nifike nyumbani, kwenye mchiriku na singeli. Mchiriku ulitoka katika ngoma za Wazaramo na katika sherehe za uswahilini. Vijana wasio na fedha za magitaa walichukua kinanda kidogo cha Casio, kilichotengenezwa kwa kujifurahisha nyumbani, wakakiunga na kipaza sauti, wakaweka ngoma chini yake, na mtaa mzima ukasimama. Singeli ikafuata, yenye kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ikatengenezwa kwa kompyuta katika vyumba vidogo vya Manzese, Tandale na Mburahati. Kama ni somo la ufundi, hilo ni somo: kutengeneza kitu kizima kutokana na ulichonacho.

Najua mtakachosema. Mtasema muziki ule una maneno machafu, na usiku haumwachi mgonjwa alale. Malalamiko hayo ni ya haki. Wimbo wenye matusi ulaumiwe kwa matusi yake. Kipaza sauti kinachopigwa saa nane za usiku kizimwe, hata kama kinapiga kwaya. Lakini kosa la maneno ni la maneno, na kosa la kelele ni la kelele. Dansi nayo ilikuwa na nyimbo za kumsema mke wa mtu, na hatukulifukuza dansi zima. Tukiwa waadilifu kwa muziki wa ujana wetu, tuwe waadilifu na kwa wao.

Lipo jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mwaka 2012 kikundi cha Jagwa Music cha hapa Dar es Salaam kilitolewa sahani yake na kampuni ya Ubelgiji, na Ulaya wakakipokea. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli za studio ya Sisso, na wageni wakaanza kuulizia Mburahati iko wapi. Ndipo baadhi yetu tukaanza kusema kwamba kumbe ule ni muziki. Nafurahi vijana wetu wakipata riziki, lakini tusijidanganye kwamba aibu imetutoka. Mtu anayeheshimu cha kwao baada tu ya mgeni kukisifu bado anamtazama mgeni usoni kabla ya kucheka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunamngojea acheze kwa wengine, ndipo tumtunze.

Wanafunzi wapenzi, naomba mnisikilize hapa. Siwaambii mpende singeli. Wapo kati yenu wanaopenda kwaya, wapo wanaopenda nyimbo za filamu za Kihindi, na huenda yupo anayependa piano ya Mozart na wenzake wanamcheka kwamba anajifanya Mzungu. Kumcheka huyo ni kosa lile lile limegeuzwa upande. Ninachowaomba ni kwamba unapoona aibu, ujiulize: je, wimbo huu unamdhalilisha mtu? Kama ndiyo, aibu ina kazi yake, uisikilize. Kama siyo, basi uulize: namwonea haya nani? Mara nyingi utagundua unamwonea haya mama yako aliyeucheza harusini, au mtaa uliokulea, au baba anayesukuma mkokoteni sokoni. Hapo hasara haimo tena katika muziki. Mtoto akizoea kuficha wimbo wa kwao, kesho ataficha na anakokaa, na kesho kutwa atawaficha na wazazi wake siku ya kuja shuleni.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza mbele ya Bunge kuundwa kwa wizara ya utamaduni, aliwakumbusha wabunge kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Kizungu, na kwamba wengi waliweza kucheza rumba na twist na waltz huku hawaijui gombesugu wala lelemama. Aliitaja shule kwa sababu shule ndiyo inayomwonyesha mtoto kipi kina thamani, hata pale isiposema neno. Chumba cha muziki kikijaa tarumbeta tu, kitakuwa kimekwisha kusema.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Orodha ibaki kama ilivyo, piano ibaki, tarumbeta zibaki. Tuongeze seti moja ya ngoma za Kizaramo, vinanda vidogo viwili, na posho ya fundi wa ngoma kutoka mitaa hii hii, aje mara moja kwa juma kufundisha. Masharti yawe mawili: maneno yasiyo na matusi, na mwisho wa mazoezi saa kumi na mbili jioni. Nimeulizia bei madukani hapa Kariakoo. Vyote hivyo kwa pamoja havifikii bei ya piano.

Kama hoja itakataliwa, nitaheshimu kura ya wengi. Lakini naomba atakayeipinga aseme sababu yake kwa sauti, ili wanafunzi hawa waisikie na wao waipime.