Utumbo Mwembamba Unaposinyaa: Mgonjwa Anayerudi na Maumivu Yale Yale



Naomba nianze na mgonjwa ambaye kila mmoja wetu ameshamwona. Tumbo linamkata baada ya kula, linanguruma, kisha linatulia. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akapewa za minyoo, akarudi. Sasa anaogopa kula, na nguo zinampwaya. Mwulizeni jambo moja: uji unapita vizuri kuliko ugali? Akikubali, fikirieni kuwa utumbo mwembamba umesinyaa mahali fulani katika mita zake zipatazo 6.

Chanzo si kimoja. Uvimbe, mionzi ya kutibu saratani, ugonjwa wa Crohn, hata diklofenaki iliyomezwa kwa miaka, vyote vyaweza kuubana. Kwetu, hata hivyo, kifua kikuu cha tumbo kisisahaulike kamwe. Hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, kwa kuwa chakula hukawia hapo na tezi za kinga ni nyingi. Eksirei ya kifua ikiwa safi, msikiondoe kifua kikuu katika mawazo yenu. Wengi wa wagonjwa hawa mapafu yao hayana kasoro. Inapowezekana kinyama kichukuliwe kwa kamera kabla ya kuanza dawa. Crohn na kifua kikuu hufanana mno, na steroidi zinazomtuliza mwenye Crohn zaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu.

Dawa za kawaida ni za miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Hapa naomba tukae kidogo. Dawa huua bakteria, kovu hazilinyooshi. Kidonda kinapopona, ukuta wa utumbo huvutwa na kovu, hivyo mgonjwa anaweza kuziba katika mwezi wa tatu ilhali dawa zinafanya kazi barabara. Tumezoea kumgombeza kwamba hamezi dawa. Tumwombe radhi, kisha tumpeleke kwa daktari wa upasuaji.

Huko si lazima akatwe utumbo. Mwaka 1977 madaktari wa India walieleza namna ya kupasua kovu la kifua kikuu kwa urefu na kulishona kwa upana, njia ikapanuka bila kipande kuondolewa. Mwaka 1982 wenzao wa Oxford wakaeleza walivyoitumia kwa Crohn. Mwenye makovu manne au matano huepushwa hivyo na kubaki na utumbo usiotosha kumlisha.

Akija anatapika nyongo, tumbo limejaa na hatoi upepo, asile kitu. Mwekeeni dripu na mpira wa puani, mpime mkojo wake. Maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka yakigeuka ya mfululizo, tumbo likawa gumu, huenda utumbo umeanza kufa. Msingoje kupambazuke, gari la wagonjwa liondoke usiku huo huo.