Kuchora Drafti Kwenye Sanamu ya Milimita 28: Mfano wa Tartani ya Uskoti

Tarehe 16 Juni 1815, katika mapigano ya Quatre Bras, vikosi vya 42 na 92 vya jeshi la Uingereza vilikuwa katika divisheni moja. Vyote viwili vilivaa kilti, yaani sketi za marinda za Kiskoti, za buluu, kijani na nyeusi. Kilichowatofautisha kiunoni ni mstari mwembamba wa njano: askari wa kikosi cha 92, Gordon Highlanders, walikuwa nao, wale wa kikosi cha 42, Black Watch, hawakuwa nao. Katika moshi wa baruti mstari huo haukumsaidia mtu. Mezani kwa mchoraji wa sanamu ndogo za kihistoria, ndio unaokula jioni nzima.

Hesabu yenyewe inakatisha tamaa. Sanamu ya milimita 28 inasimama badala ya mtu wa karibu sentimita 170, kwa hiyo kila milimita inabeba sentimita 6. Drafti ya tartani, kitambaa cha kilti, yenye upana wa sentimita 18 kabla ya kuanza kujirudia inabanwa ndani ya milimita 3. Mstari wa nusu sentimita unapungua hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mkono ukiweza kuuchora, jicho litauona kwa shida. Ndiyo maana makala hii inashikilia kwamba mchoraji hanakili kitambaa. Anachora kinachobaki machoni mtu akikitazama kitambaa kwa mbali, na mstari wa njano anaunenepesha mara mbili tatu bila kuona haya.

Asichoweza kukikwepa ni ufumaji. Tartani, kama shuka la drafti la Mmasai, haikupigwa chapa. Rangi zake zimo ndani ya nyuzi. Mtande wa kijani ukikutana na mshindio wa kijani, mraba unakuwa kijani kamili. Ukikutana na mshindio wa buluu, inatokea rangi ya kati, kwa sababu nyuzi za rangi mbili zinapishana pale. Basi rangi mbili zinazaa tatu. Anayepiga mistari ya kijani juu ya buluu na kuishia hapo amechora wavu uliowekwa juu ya nguo, na sanamu nyingi nzuri zinaharibikia hapo.

Dawa yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Baada ya andakoti nyeusi, kilti yote hupakwa buluu nzito. Kijani kilichozimuliwa kwa maji huvutwa kwa mapana kutoka juu kwenda chini, kisha kwa kukatiza, na kwa kuwa ni chepesi, buluu inaonekana kwa chini. Kwenye makutano tu huongezwa tone la kijani kilichokolea. Mstari wa njano, ambao kwa Gordon hupita katikati ya kijani, huchorwa mwisho kwa njano iliyofifishwa, na kila unapojikata hutiwa nukta ya njano safi. Nukta hizo ndizo zinazoliaminisha jicho kwamba nguo imefumwa.

Kuhusu brashi, wanaoanza hukimbilia ile ndogo kuliko zote dukani. Ni uchumi mbaya. Brashi yenye nywele chache hubeba rangi kidogo, na akriliki hukauka nchani kabla haijafika kwenye sanamu. Brashi nene kidogo yenye ncha kali huvuta mstari mrefu kwa pumzi moja.

Kisha kuna marinda. Kilti ni bapa mbele tu. Nyuma imekunjwa, na za kijeshi mara nyingi hukunjwa ili mstari uleule urudi kwenye kila rinda. Kwa hiyo mgongoni mwa askari wa Gordon drafti karibu inapotea, ikabaki safu ya mistari ya njano iliyosimama, mmoja kwa kila rinda. Mchoraji anayejua hili anapata ukweli zaidi kwa kazi ndogo zaidi, jambo ambalo ni nadra katika fani hii.

Historia nayo ina mitego yake. Wapo wanaochora jeshi la koo za Uskoti katika mapigano ya Culloden, mwaka 1746, kila ukoo na tartani yake moja, kama sare. David Morier, aliyechora mapigano hayo muda mfupi baadaye, aliwavika watu wachache tu tartani za aina zaidi ya 20, mtu mmoja akichanganya kadhaa mwilini. Desturi ya kila ukoo kuwa na drafti yake ilishika mizizi katika karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Kwa Culloden, basi, vurugu ndiyo usahihi.

Kanuni hizi zinafika pia pwani ya Afrika Mashariki, ila kanga inadai utaratibu mwingine kwa kuwa imepigwa chapa: hakuna rangi ya kati ya kutafutwa. Kanga ya sentimita 150 kwa 110, kwa kipimo kilekile, ni sentimita 2.5 kwa 1.8, na huwa imefungwa mwilini. Pindo huchorwa kwanza, likifuata mikunjo hata pale linapojificha na kuibuka tena, maana ndilo linaloitambulisha kanga kabla ya mji wake, yaani eneo la katikati. Jina, yaani maandishi ya kanga, haliandikiki; mstari uliokatikakatika juu ya pindo la chini unatosha. Na kama sanamu ni ya mwanamke wa Unguja wa miaka ya 1880, mstari huo uachwe kabisa, kwani majina yaliingia kwenye kanga katika karne ya 20, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu.