Ninja Aliyesemeshwa Kiswahili: Filamu za Gharama Ndogo za Miaka ya 1980 na Sanaa ya Masimulizi Kanda ya Ziwa

 Mada yangu ni filamu za ninja na karate zilizotengenezwa kwa fedha kidogo katika miaka ya 1980, zikafika kwetu kwa mikanda ya video, zikaoneshwa katika mabanda ya mabati na maturubai kuanzia mitaa ya mjini hadi mialo ya visiwani. Kila zinapotajwa katika mazungumzo ya watu wasomi hutajwa kwa dharau, kama takataka iliyopoteza muda wa vijana. Nitadai kinyume chake. Filamu hizo zilitua hapa zikiwa kazi ambazo hazijakamilika. Waliozikamilisha ni watafsiri na watazamaji wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana mahali pake pa kwanza ni katika historia ya fasihi simulizi yetu, na historia ya sinema ya Marekani au Hong Kong inakuja baadaye.

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa, maana hoja yote inasimama hapo. Mwaka 1981 kampuni ya Cannon, iliyokuwa mikononi mwa mabinamu wawili wa Kiisraeli, Menahem Golan na Yoram Globus, ilitoa Enter the Ninja, ambamo Franco Nero, Mwitaliano, alivaa mavazi meupe ya ninja na Mjapani Sho Kosugi akawa adui yake. Soko likaitika. Revenge of the Ninja ikafuata mwaka 1983, na mwaka 1985 ikaja American Ninja ya Michael Dudikoff, iliyopigwa Ufilipino ambako gharama zilikuwa nafuu. Hizo zilikuwa na bajeti ndogo kwa kipimo cha Hollywood. Hong Kong kulikuwa na ndogo zaidi. Kampuni ya IFD ya Joseph Lai, ikiwa na mwongozaji Godfrey Ho, ilinunua filamu za Korea, Taiwan, Thailand na Ufilipino ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na ninja, ikapiga vipande vipya vichache vya Wazungu waliovaa mavazi ya ninja ya rangi kali, kisha ikaziunganisha na kuzipa jina jipya. Mwigizaji Richard Harrison alikubali kufanya filamu chache tu, na vipande alivyoigiza vikaja kutumika katika nyingi ambazo hakuwahi kuzijua. Mwenye kutaka kuona mbinu hii kwa karibu aitazame Ninja Terminator. Harrison ameketi chumbani na simu ya kuchezea yenye umbo la paka Garfield, anazungumza na mtu ambaye hatutamwona pamoja naye katika picha moja hata mara moja, kwa sababu huyo wa pili yumo katika filamu nyingine, iliyopigwa na watu wengine. Simu ndiyo sindano iliyoshona viraka viwili. Midomo haikubaliani na maneno, mwanga wa upande mmoja haufanani na wa upande wa pili, na chanzo cha ugomvi hakielezwi.

Sasa tuzifuate hadi huku. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970. Sinema ilikuwa ukumbini, na usambazaji wake ulikuwa chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na zaidi baada ya Rais Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985, deki na televisheni zikaanza kuonekana mitaani. Aliyekuwa na deki, jenereta na benchi chache alikuwa na biashara. Mikanda ikanakiliwa kutoka mkanda hadi mkanda, na kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyoizaa. Fikirini basi kilichotokea kwa tukio la usiku ambamo watu waliovaa nyeusi tupu wanapanda ukuta mweusi, baada ya mkanda kunakiliwa mara kadhaa na hedi ya deki kushika vumbi. Kioo kinabaki na giza na chenga. Watu wamelipa kiingilio, wanasikia panga zikigongana, na hawaoni kitu. Wengi wao hawajui Kiingereza, na hata anayekijua hapati msaada mkubwa, kwa sababu mazungumzo yenyewe yaliandikwa upya juu ya midomo ya Wakorea.

Katika pengo hilo ndipo aliposimama mtafsiri. Ufundi huu ulistawi sana Uganda, ambako wenyewe huitwa mavijei. Kenya inamjua DJ Afro. Na Tanzania jina lililovuma kuliko yote ni la Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Tukiwaita watafsiri tunawapunja. Mtafsiri wa banda hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti, na kuwapa wahusika majina yanayotamkika. Humwambia mtazamaji yupi ni steringi na yupi adui, kwa nini wamekosana, na nini kinamsubiri yule anayecheka sasa hivi. Mji wa Hong Kong huletwa karibu kwa mitaa inayojulikana. Mhusika mjinga huonywa, mnafiki husutwa, na methali hutupwa pale ngumi inapotua. Mwongozaji wa Hong Kong aliacha ugomvi bila sababu. Mtafsiri aliutafutia deni, mahari au usaliti wa ndugu. Hapa ubovu wa filamu unakuwa na kazi. Filamu iliyosukwa vizuri humwachia msimulizi nafasi ndogo, kwa kuwa kila kitendo kimejieleza. Iliyojaa matobo humlazimisha atunge, na ndiyo sababu naamini filamu za viraka zilikuwa malighafi bora kwake kuliko nyingi zilizosifiwa na wahakiki.

Zaidi ya hayo, watazamaji wa kanda hii hawakuzipokea mikono mitupu. Usukumani kuna utamaduni wa mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyojinasibisha na waganga wawili waliokuwa mahasimu. Kila upande una manju wake, wafuasi wake na dawa zake za siri, na umati hukusanyika kupima nani mkali kwa maneno, kwa mbinu na kwa uwezo wa kuwavuta watu wahame upande wa pili. Mtu aliyekulia katika mashindano hayo anapoletewa hadithi ya waalimu wawili, wanafunzi waliokula kiapo na siri inayogombewa, haelezwi kitu kigeni. Alichokuwa akikipima bandani kilikuwa vilevile ubingwa wa maneno: banda moja liliweza kuonesha mkanda uleule wa banda la jirani, na watu wakaenda kwa yule mwenye msimulizi bora. Kwenye mialo ya dagaa jambo hili lilikuwa na majira yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwavuta, wavuvi wanabaki nchi kavu, na hizo ndizo siku za banda kujaa.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia kutoka kwa wenzangu wa idara za fasihi ni kwamba huu ni ufasiri uliolegea, na kuuita fasihi ni kuukweza kupita kiasi. Ushahidi mzito wa kulijibu unatoka ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, amesimulia mara nyingi kwamba utotoni hakuwa akienda kuziona filamu. Waliokwenda walikuwa kaka zake, wakarudi kumsimulia, naye akazijenga kichwani. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya makomando na mateke yenye bunduki za kuundwa mtaani, kwa gharama inayotajwa kuwa haizidi dola 200. Nakala ya asili haipo, kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi na ilibidi afute kazi moja ili atengeneze nyingine. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, na hiyo ndiyo iliyotazamwa na mamilioni ya watu. Katika kazi hiyo huwezi kumtoa msimulizi ukabaki na filamu. Hapa kwetu Jimmy Mponda alipotengeneza Misukosuko, filamu ya ngumi kwa Kiswahili, alikuwa na watazamaji ambao banda lilikwishawafundisha aina hiyo ya hadithi. Ufasiri uliolegea hauzai watunzi, na huu umewazaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linaniuma. May Joseph, aliyekulia Dar es Salaam, ameonesha katika kitabu chake Nomadic Identities jinsi Bruce Lee wa miaka ya 1970 alivyoingia vizuri katika fikra za vijana wa Ujamaa: mtu asiye na mali, anayemshinda mnyonyaji kwa mwili wake na nidhamu yake. Ninja wa Cannon si huyo. Mara nyingi ni Mzungu aliyechukua elimu ya Mashariki na kuwapiga nayo wenyewe. Kuna baya kuliko hilo. American Ninja 2 ya mwaka 1987, ambayo hadithi yake inasemwa kutokea kisiwa cha Karibea, ilipigwa Afrika Kusini, na ya tatu ya mwaka 1989 vivyo hivyo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kutoa wito wa kuisusia nchi hiyo kiutamaduni. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na pale Mazimbu, Morogoro, watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma katika shule ya ANC iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mwaka 1979. Wakati huohuo sisi tulikuwa tukilipa kiingilio kutazama milima ya makaburu ikiigiza Karibea. Sitaki kulipunguza jambo hili. Ninachosema ni kwamba itikadi ya filamu hizo ilikaa zaidi katika mazungumzo, katika nani anapewa haki na kwa sababu gani, na mazungumzo ndiyo yaliyoondolewa bandani. Mtafsiri alikuwa na uhuru wa kumpa uzito Steve James, Mmarekani mweusi aliyewekwa awe rafiki wa steringi tu. Uhuru huo ulitumika kiasi gani, na nani, ni swali la kuchunguzwa katika rekodi za watafsiri. Halijibiwi kwa kuhukumu kasha la mkanda.

Kuhusu maadili nitapita haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka bodi ya ukaguzi, na lawama kwamba filamu za ngumi zinaharibu watoto ni kongwe kuliko video. Wapo walioumizana kwa kuiga, nakubali. Lakini karate ya kweli ilikuwa imekwisha kutia mizizi nchini kabla ya ninja, hasa kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyeanzisha dojo ya Goju-ryu pale Zanaki, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, na kwa hiyo kijana aliyetoka bandani na hamu ya mateke aliweza kukutana na mwalimu aliyemfundisha kwanza kuinama na kutulia. Lawama nzito kwa mabanda yenyewe, kwamba watoto walitoroka shule na kukaa gizani na watu wazima, ni ya haki, na inawahusu wenye mabanda na sisi wazazi kuliko Godfrey Ho.

Limebaki suala la haki za waandishi, ambalo mara nyingi hutumiwa kuufunga mjadala wote. Mikanda ilinakiliwa bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilipokuja iliyaweka wazi makosa ambayo soko lilikuwa limeyazoea. Hata hivyo, matokeo yake kwa kumbukumbu ni mabaya: kwa kuwa mkanda uliotafsiriwa ulihesabiwa kuwa bidhaa haramu, hakuna maktaba iliyojiona na wajibu wa kuuhifadhi. Tumekusanya ngano, vitendawili na nyimbo za Bagika na Bagalu, na Makumbusho ya Bujora yanatunza mengi ya urithi huo. Usimulizi wa banda, ambao wasikilizaji wake walikuwa walewale, tumeuacha kwenye makasha yanayoota ukungu kwa unyevunyevu wa ziwa. Mkanda wa sumaku haungoji. Naomba idara zetu za Kiswahili zianze na mialo na mitaa hii, zitafute mikanda yenye sauti za watafsiri, zinakili maneno yao neno kwa neno pamoja na kelele za watazamaji pale zilipoingia, na ziwahoji wasimulizi walio hai kuhusu walivyojiandaa, walichokibadilisha na kwa nini. Ninja Terminator inapatikana leo kwa yeyote mwenye simu yenye bando. Sauti iliyoipa sababu ya ugomvi wake hapa Mwanza imo katika mkanda mmoja au miwili, chini ya kitanda cha mtu ambaye hajawahi kuulizwa kama anayo.