Kilichoungua na Kilichounguza

Jioni hii twende pamoja hadi kibanda cha fundi wa redio pale Kiritiri, katika nchi ya Mbeere.

Mzee mmoja alifika hapo na redio ya valvu, ile ya sanduku la mbao. Baba yake aliinunua Nairobi katika miaka ya 1950, kabla redio ndogo za transista hazijaenea. Akamwambia fundi, "Mwanangu, hii imeungua mara mbili. Mara zote nililipa, ikaimba wiki moja, ikanyamaza. Kama haifai, niambie tuivunje tuwashie moto."

Fundi akajibu, "Ngoja kwanza, Mzee. Tuulize inaunguzwa na nini."

Akachomoa waya wa stima, akangoja, kisha akaondoa umeme uliobaki ndani ya kapasita kubwa, kwa maana redio hizi zaweza kumpiga mtu hata zikiwa zimezimwa. Alipoigeuza, tuliona rezista moja nyeusi kama mkaa.

Rezista ni nini? Ninyi mlio karibu na mto Tana mnalijua bwawa la Kiambere, lililoanza kutoa umeme mwaka 1988. Maji hayaachwi yapite ovyo. Iko milango ya kuyapima. Rezista nayo huupima umeme, kila valvu ipate kiasi chake.

Fundi akatueleza kwamba anayechagua rezista mpya hutazama mambo matatu. La kwanza ni kipimo chake cha omu, kinachosomwa kwa mistari ya rangi. Nyekundu ni mbili, zambarau ni saba, na kahawia mwishoni huongeza sifuri moja: hiyo ni omu 270. Lakini rangi za kitu kilichoungua hudanganya, kwa maana nyekundu ikichomeka hufanana na kahawia. Kwa hiyo yeye husoma mchoro wa redio, haamini rangi peke yake. Tena rezista za kale za kaboni hupanda kipimo kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Iliyoandikwa 100,000 yaweza kupimwa ikawa 180,000, na kwa macho ni nzima kabisa.

La pili ni wati, yaani joto inaloweza kustahimili. Ile ya mzee ilikuwa ya omu 270, na hupitisha miliampea 50. Joto lake ni karibu wati 0.7. Ukiweka ya nusu wati itaungua. Fundi huweka ya wati mbili ili ipumue. La tatu ni volti. Rezista ndogo za siku hizi za robo wati, nyingi hustahimili volti 250 tu, na ndani ya redio hizi volti hufika hapo au kupita. Penye volti nyingi hivyo, huweka kubwa zaidi, au mbili zikifuatana ili zigawane mzigo.

Mzee akauliza, "Basi si uweke hiyo ya wati mbili niende?"

"Mzee, aliyetangulia aliweka ya wati mbili. Ndiyo hii imeungua."

Ndipo akatuonyesha kapasita ndogo ya karatasi, mbali kidogo na pale penye masizi. Kazi yake ni kupitisha sauti kwenda valvu ya mwisho na kuzuia volti kali. Kwa uzee ilikuwa inavuja. Valvu ikawa inavuta umeme maradufu, na umeme ukizidi maradufu, joto katika rezista huzidi mara nne. Wati 0.7 zikawa karibu tatu. "Ningeweka rezista ya wati tano," akasema, "ingestahimili. Lakini ingeungua valvu, au transfoma. Hizo tungezitoa wapi?"

Akabadilisha kapasita kwanza, rezista baadaye. Kabla ya kumrudishia mzee redio yake akapima umeme tena, akaona umetulia.

Ndugu zangu, niliondoka pale nikiwaza. Mtunza hazina wa kanisa akikasirika mkutanoni, twamwondoa na kumweka mwingine. Mwaka wa pili naye anakasirika. Binti akiacha kuzungumza nyumbani, twamkemea azungumze. Twaona kilichoungua, kwa kuwa ndicho kina masizi. Kinachovuja kiko kando, kisafi, wala hakuna anayekishuku. Pengine ni mimi.

Mkumbuke Eliya, alipochoka akalala chini ya mti jangwani, akitaka kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa chakula, akamwacha alale, ndipo baadaye akamwuliza habari zake. Baada ya hapo ndipo alipopewa mwenzake, Elisha, wa kumsaidia.

Usiku huu, kabla hujamlaumu mtu aliyeungua nyumbani mwako, keti naye. Mwulize amebeba nini, nawe usikilize jibu, hata likikugusa wewe mwenyewe.

Ee Bwana, utupe macho ya kuona kinachovuja, na moyo wa kukubali kikiwa ndani yetu. Amina.