Mtoano Wenye Nyongeza: Kuendesha Mashindano ya Timu za Briji Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Mtoano hauna huruma. Raundi ya kwanza ikiisha, nusu ya timu zilizocheza zimeshafunga virago. Timu inayotoka Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, ikadamka kabla ya jua ili kukutana na mabingwa wa mwaka jana, hulipa nauli ya kwenda kufungwa. Mwaka unaofuata timu hiyo haiji, na pole pole mashindano hubaki ya vilabu vitatu au vinne vinavyojuana.

Mada hii inapendekeza dawa ambayo michezo mingine imeitumia kwa miaka mingi: handikapu, yaani alama za nyongeza anazopewa dhaifu kabla ya mchezo kuanza. Hoja yake ni moja. Nyongeza hufaa pale tu inapotokana na hesabu iliyotangazwa mapema, na inapoziba sehemu ya pengo badala ya pengo lote. Ikitolewa kwa huruma au kwa kujuana, wachezaji watasema fulani amebebwa, na mashindano yatakufa kwa malalamiko.

Kenya ina nafasi yake katika Shirikisho la Briji Duniani, lililoundwa mwaka 1958, lakini mchezo umejikita zaidi Nairobi. Ukambani karata huchezwa sana, ila si za mnada na turufu za briji. Klabu itakayoanzishwa Wote au Mwingi itakuwa na mchanganyiko: mstaafu aliyeicheza jijini kwa miaka mingi akae meza moja na mwalimu aliyejifunza muhula uliopita. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo, mashindano yasiyo na nyongeza yana mshindi kabla ya karata kugawanywa.

2. Michezo mingine ilifanyaje

Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa uzito zaidi katika mbio za handikapu. Gofu ina utaratibu wa kina zaidi. Tangu mwaka 2020 mfumo wa dunia wa handikapu huchukua raundi 20 za mwisho za mchezaji na kutafuta wastani wa zile 8 bora. Hivyo anayeporomoka huongezewa na anayepanda hupunguziwa, bila kamati kuulizana nani ni rafiki ya nani.

Kandanda haina nyongeza, na bado maajabu hutokea. Katika fainali ya Kombe la FKF mwaka 2025, Nairobi United, iliyokuwa ikicheza daraja la pili la kitaifa, iliilaza Gor Mahia 2–1. Lakini Nairobi United haikuwa timu ya kijijini. Msimu huo huo ilikuwa ikipanda kuingia Ligi Kuu. Mwenye mashindano hawezi kupanga kalenda yake akitegemea ajabu la namna hiyo lijirudie kila mwaka.

3. Mechi ya timu huhesabiwa vipi

Timu ina wachezaji wanne walio mezani. Wawili huketi kaskazini na kusini katika meza ya kwanza. Wenzao huketi mashariki na magharibi katika meza ya pili. Karata zile zile, zikiwa zimehifadhiwa ndani ya bodi, huchezwa katika meza zote mbili. Bahati ya kupata karata nzuri huondoka. Kinachobaki hasa ni nani alizitumia vizuri.

Tofauti ya meza mbili hugeuzwa kuwa alama za IMP (International Match Points) kwa jedwali la kimataifa. Mfano: katika meza moja timu ya Mbooni, ikiwa katika hali ya hatari (tuzo na adhabu zikiwa kubwa zaidi), inanadi shupaza nne na kuzitimiza, inapata 620. Katika meza ya pili wapinzani wao, wakiwa na karata hizo hizo, wanasimama kwenye shupaza tatu na kupata mikono kumi, yaani 170. Tofauti ni 450, na jedwali linaipa Mbooni IMP 10. Tofauti ya 20 hadi 40 huleta IMP 1 tu, na bodi moja, hata iwe ya maafa kiasi gani, haiwezi kuzidi IMP 24.

Jedwali hili ndilo linaloiwezesha nyongeza kufanya kazi. Kwa kuwa tofauti kubwa zimebanwa, alama 16 za kuanzia ni kitu cha kuonekana: chini kidogo ya bodi mbili kama ile ya Mbooni.

4. Kupima nguvu ya mchezaji

Hapa ndipo mashindano mengi hukwama. Njia rahisi ni kuhesabu pointi ambazo mchezaji amekusanya maishani, lakini pointi hizo huongezeka tu, hazipungui. Mzee aliyecheza miaka 40 kwa kiwango cha kawaida ataonekana hodari kuliko kijana aliyetamba kwa miaka miwili. Chama cha Briji cha Uingereza kiliona kasoro hiyo na kuanzisha daraja zinazofuata matokeo ya karibuni, zikipewa majina ya karata zenyewe: ree juu, mfalme chini yake, na kuendelea kushuka.

Vilabu vya Kitui na Makueni havitakuwa na kumbukumbu ya matokeo mwaka wa kwanza. Vinaweza kuanza na ngazi tano: 1 kwa aliyecheza chini ya mwaka mmoja, 2 kwa anayeujua mnada wa kawaida, 3 kwa mchezaji imara wa klabu, 4 kwa anayeshinda mara kwa mara, na 5 kwa aliyewahi kucheza ngazi ya taifa. Kila klabu ijaze fomu ya wachezaji wake, kisha kamati ya watu watatu kutoka vilabu tofauti iipitie. Anayepinga ngazi yake au ya mpinzani afanye hivyo kabla ya droo. Droo ikishafanyika, mlango umefungwa hadi mwaka unaofuata.

5. Hesabu ya nyongeza

Jumlisha ngazi za wanne wanaoketi mezani. Jumla ya chini ni 4 na ya juu ni 20. Mechi iwe ya bodi 24, nusu mbili za bodi 12 kila moja. Kwa kila tofauti ya 1 kati ya jumla za timu mbili, timu dhaifu ipewe IMP 1 katika kila nusu.

Timu ya jumla ya 17 ikikutana na ya 9, tofauti ni 8. Timu dhaifu inaanza na IMP 8 nusu ya kwanza na nyingine 8 nusu ya pili. Kugawanya hivi kuna faida moja kubwa: nahodha akimwingiza mchezaji wa akiba wakati wa mapumziko, nyongeza ya nusu ya pili inahesabiwa upya kwa dakika moja. Hakuna atakayeketisha wachezaji wanyonge mwanzoni ili abebe nyongeza, kisha alete vigogo baadaye.

Kiwango cha juu kiwe IMP 24 kwa mechi nzima, sawa na IMP 1 kwa bodi. Sababu ni ya kihesabu. Matokeo ya bodi moja hupanda na kushuka kwa takriban IMP 6, kwa hiyo katika bodi 24 bahati peke yake inaweza kuisogeza mechi kwa kama IMP 29 upande wowote. Timu iliyo bora kwa IMP 1 kila bodi, bila nyongeza, ingeshinda karibu mara 8 kati ya 10. Mechi ikifupishwa hadi bodi 12, ushindi huo hushuka hadi karibu mara 7. Urefu wa mechi wenyewe basi ni nyongeza ya siri, na kamati isiubadilishe katikati ya msimu.

Nyongeza itangazwe kabla ya bodi ya kwanza, manahodha wote wawili watie sahihi. Mechi ikiisha sare baada ya nyongeza, ishinde timu iliyopokea nyongeza. Kucheza bodi za ziada huwafanya watu wakose gari la kurudi.

6. Ratiba na safari

Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000; Makueni ina takriban 8,000. Droo ya kuchanganya kila mtu tangu mwanzo ingeweza kuipeleka timu ya Mwingi Kaskazini hadi Kibwezi Mashariki kwa mechi moja. Walimu wa michezo wanajua njia nyingine, kwa kuwa mashindano ya shule za sekondari hupanda kutoka kanda hadi kaunti ndogo, kaunti, kisha mkoa.

Chukua mfano wa timu moja kwa kila eneobunge: 8 za Kitui na 6 za Makueni, jumla 14. Kitui igawanywe mafungu mawili ya timu nne. La kwanza ni Mwingi Kaskazini, Mwingi ya Kati, Mwingi Magharibi na Kitui Magharibi. La pili ni Kitui ya Kati, Kitui Vijijini, Kitui Mashariki na Kitui Kusini. Makueni iwe na mafungu ya timu tatu: Mbooni, Kaiti na Kilome kwenye milima, na Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki upande wa chini. Katika kila fungu la tatu, timu moja inavuka raundi ya kwanza bila kucheza. Ichaguliwe kwa kura, si kwa ubora, kwa sababu nyongeza imeshashughulikia ubora.

Raundi ya kwanza ina mechi 6 na ya pili mechi 4. Mechi hizo 10 kati ya 13 huchezwa bila timu yoyote kuvuka mpaka wa kaunti. Nusu fainali ndiyo inayowakutanisha, na barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imeifanya safari hiyo iwezekane kwa siku moja.

Timu yoyote itakayopoteza mechi yake ya kwanza iingie Ngao, mashindano ya pembeni yenye kanuni zile zile. Hakuna atakayecheza mara moja tu kwa mwaka.

Bodi 24 huchukua kama saa tatu. Mechi ikianza saa nne asubuhi, na mapumziko ya chakula yakiwamo, saa tisa watu wanapanda gari. Raundi ya kwanza iishe wakati wa likizo ya Aprili, ya pili katikati ya Juni, nusu fainali iwe likizo ya Agosti, na fainali Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijawarudisha watu shambani.

7. Mapendekezo

Kwanza, vilabu vikubaliane juu ya ngazi tano na kamati ya watu watatu kabla ya kuzungumzia kombe. Pili, kila matokeo yaandikwe mara mbili: kabla ya nyongeza na baada yake. Tatu, msimu ukiisha, kamati ihesabu timu zilizopewa nyongeza zilishinda mechi ngapi. Kama ni moja kati ya tano, kiwango kipandishwe. Kama zimeshinda zaidi ya nusu, kishushwe. Nne, ngazi za wachezaji zirekebishwe kwa matokeo hayo kila Januari, na orodha mpya ipelekwe kwa vilabu vyote kabla ya usajili kufunguliwa.