Mgongo Uliopinda: Mazoezi Hufundisha Mwili na Ubongo

Leo tunazungumza juu ya mgongo wa kijana kupinda upande, hali ambayo madaktari huiita skoliosi.

Ukimtazama mtoto kutoka nyuma, uti wa mgongo hunyooka kama uzi uliovutwa. Mwenye skoliosi, uti umepinda kama herufi S au C, na pingili zimejizungusha. Ndiyo maana mbavu za upande mmoja huinuka. Vijana wawili au watatu katika kila 100 huwa na hali hii. Mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 16, mtoto anaporefuka kwa kasi, na kwa wasichana huzidi zaidi.

Huo ndio umri ambao mama ameacha kumwogesha mtoto. Tena huku kwetu Nyeri kuna baridi. Sweta ya shule haivuliwi tangu asubuhi hadi jioni. Wengine wako shule za bweni. Na kwa kuwa mara nyingi haiumi mwanzoni, mtoto halalamiki.

Kwa hivyo mama, likizo ikifika, mwombe mtoto faraghani akuonyeshe mgongo. Asimame wima bila viatu. Je, bega moja liko juu? Kiuno kimeingia zaidi upande mmoja? Sketi inaning'inia upande? Kisha ainame mbele polepole, magoti yamenyooka, viganja vimeunganishwa. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka, mpeleke hospitali apigwe eksirei. Kupinda kwa nyuzi 10 au zaidi ndiko huitwa skoliosi.

Wengi huuliza: ni mkoba wa vitabu, mtungi wa maji au mzigo wa kuni? La. Mizigo mizito huumiza mgongo, lakini haileti skoliosi. Kwa vijana wengi chanzo hakijulikani, ingawa yaweza kuonekana katika jamaa moja. Si laana, wala si kosa la mama. Usimgombeze, "Simama wima!" Yeye anahisi amesimama wima.

Hapo ndipo ubongo unapoingia. Ubongo hupokea habari kutoka kwa macho, misuli na viungo, ndipo ujue mwili umekaaje. Watafiti waliopiga picha za ubongo wa vijana wenye skoliosi wameona tofauti katika sehemu zinazoongoza mwendo. Hii si kasoro ya akili. Darasani yuko sawa na wenzake. Lakini inatuonyesha kwamba mazoezi yake si ya kutafuta nguvu tu. Njia iliyoanzishwa na Katharina Schroth huko Ujerumani mwaka 1921 humfundisha mtoto ajitazame kwenye kioo, ajinyooshe, kisha avute pumzi ijaze upande uliobonyea. Akirudia kila siku, ubongo hujifunza namna mpya ya kusimama, kama mtu ajifunzavyo baiskeli. Mtaalamu wa fiziotherapia ataonyesha. Kazi yako ni kuhakikisha yanafanywa nyumbani. Usimpeleke kwa wakandaji wa kunyoosha mifupa. Michezo ya shule aendelee nayo.

Mazoezi peke yake hayatoshi kwa kila mtoto. Kupinda kukifika nyuzi 25 na angali anakua, daktari anaweza kumpa jaketi ngumu ya plastiki. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa 2013 ulionyesha kuwa katika kila vijana 100 waliovaa jaketi, 72 hawakufika kiwango cha upasuaji. Kwa wasiovaa walikuwa 48. Kukipita nyuzi 50, huzungumzwa upasuaji.

Anzia hospitali ya kaunti iliyo karibu, iwe Nyeri, Nanyuki, Kerugoya au Embu. Wakiona haja, watakupa barua ya rufaa hadi Kijabe au Kenyatta.

Usingoje hata siku moja mtoto akiwa na maumivu ya mgongo usiku, homa, kukonda, miguu kulegea, au nundu inayochomoza nyuma. Hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kina dawa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mgongo nao hutibika vyema mtoto angali anakua. Mtazame likizo hii.