TUJIPIME WENYEWE KABLA YA KUPIMWA

(Maneno ya Kamati ya Elimu ya chama chetu cha ushirika kwa walimu na Bodi ya sekondari yetu ya kata. Tumeyabandika hapa ili kila mwanachama ayasome. Asiyejua kusoma na asomewe na mwenzake.)

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu na wajumbe,

Sisi ni wakulima wa pamba, si wataalamu wa elimu. Lakini shule hii ni yetu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, wanakijiji ndio waliofyatua matofali na kusomba mawe na mchanga. Kwa hiyo mnapojiandaa kufanya tathmini ya ndani ya shule, nasi tuna neno.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe ni nini. Zamani tulizoea mkaguzi. Akisikika anakuja, fagio zinatoka, madaftari yanajazwa usiku. Akiondoka, mambo yale yale. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya wa uthibiti ubora wa shule. Wathibiti ubora bado wanakuja kutoka wilayani, lakini shule yenyewe inatakiwa ijichunguze kwanza, iseme wapi imefanya vizuri, wapi imepungukiwa, na itafanya nini.

Jambo hili kwetu wakulima si geni. Mkulima mwenye akili hangoji karani wa ghala amchambulie pamba. Huchambua mwenyewe nyumbani, mchana kweupe, safi huku na fifi kule. Akichanganya, hasara ni yake.

Sasa wapo wanaosema: "Tukiandika upungufu wetu, tutaichongea shule." Hapana jamani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shule ikiandika kwamba kila kitu ni kizuri, nani atailetea mwalimu wa hesabu? Nani atachimba choo ambacho karatasi inasema kipo?

Mwongozo umetaja maeneo 6. Tumeyaweka kwa lugha yetu, na kila moja tumelitilia swali.

1. Maendeleo ya wanafunzi. Tusitazame matokeo ya Kidato cha Nne peke yake. Walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani wa mwisho ni wangapi? Waliopotea njiani wako wapi?

2. Ufundishaji na upimaji. Vipindi vilivyo kwenye ratiba vinafundishwa vyote? Madaftari yanasahihishwa, au yanapigwa vyema tu?

3. Mtaala. Ni masomo gani hayana mwalimu? Kitabu kimoja wanasoma wangapi?

4. Uongozi. Bodi inakutana? Maazimio ya kikao kilichopita yalitekelezwa? Ruzuku iliyoingia na matumizi yake vimebandikwa ukutani wazazi waone?

5. Mazingira, afya na usalama. Kipimo cha vyoo ni tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Maana yake shule yenye wasichana 200 yataka matundu 10 kwa wasichana peke yao. Hebu twendeni tukahesabu. Na maji ya kunawa yapo?

6. Ushirikiano na jamii. Mzazi huitwa lini? Huitwa ashauri, au huitwa achangishwe tu?

Ndugu walimu na wajumbe, yapo mambo mawili ambayo twaomba yasipitwe juu juu.

La kwanza ni mahudhurio. Ada ya sekondari za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa tangu Januari 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Sasa kama ada haipo, mbona darasa linapungua? Fungueni daftari la mahudhurio mwezi kwa mwezi. Kama watoto wanapungua wakati wa kuchuma pamba, andikeni hivyo hivyo. Msituonee haya. Chama kikiona tarakimu, kitakuwa na neno la kuwaambia wanachama wake kwenye mkutano mkuu. Bila tarakimu itakuwa ni kulaumiana tu, mwalimu anamsema mzazi, mzazi anamsema mwalimu.

La pili ni wasichana walioacha shule kwa sababu ya kupata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua. Ruhusa ipo. Je, waliorudi kwetu ni wangapi? Kuna mtu aliyekwenda nyumbani kwao kuwaambia? Akirudi, atakaribishwa au atachekwa? Maswali haya hayajibiwi ofisini. Yataka miguu.

Sasa namna ya kufanya kazi. Tunashauri hivi:

(a) Iundwe timu ndogo ya walimu, mjumbe wa Bodi, mzazi, na wanafunzi, msichana na mvulana. Mkuu wa Shule asiandike peke yake usiku.

(b) Kila neno liwe na ushahidi. Ukisema "nidhamu ni nzuri", onyesha daftari. Neno lisilo na ushahidi lifutwe.

(c) Wanafunzi waulizwe bila mwalimu wao kuwapo, na asitafutwe aliyesema nini. Mwalimu naye aulizwe yanayomsumbua, nyumba, umbali, wingi wa vipindi. Hatutafuti mchawi hapa.

(d) Kila upungufu uandikiwe mambo manne: nini kifanyike, nani afanye, lini kiishe, fedha zitoke wapi. Kisha viingizwe katika mpango wa maendeleo ya shule. Vingine havitaki fedha kabisa. Kuwahi kipindi hakununuliwi.

(e) Taarifa isomwe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya kupelekwa wilayani. Mwaka unaofuata isomwe tena, tuone kipi kimetimia na kipi kimelala.

Chama hakitaki kuwaamuru walimu, kazi yao wanaijua. Tunachoomba ni ukweli, maana mtoto akipita miaka minne hapa akatoka mtupu, hakuna wa kumrudishia miaka hiyo. Pamba mbaya msimu huu, mwakani unapanda tena. Mtoto hapandwi mara ya pili.

Mwanachama aliye tayari kuingia kwenye timu kama mzazi, au kusaidia kuhesabu na kutembelea nyumba, aandikishe jina kwa karani wa chama. Akina mama msibaki nyuma.



Kamati ya Elimu ya Chama